Mkaguzi Namba Kumi na Nne

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kuisoma historia hii mimi mdogo wake wa kumfuata, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa, naomba mnivumilie, sauti imenikauka tangu juzi, lakini nitafika mwisho.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza 1971, kisha akasoma sekondari ya wasichana hadi Novemba 1975, na huko ndiko alikofanywa mwamuzi wa netiboli, kwa sababu, jamani, kudaka mpira alikuwa hajui, ila macho alikuwa nayo. Siku ya fainali alinipigia filimbi mara tatu mimi mdogo wake wa damu, timu yangu ikafungwa, nikamnunia wiki nzima, na wala hakujali.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona mikanda ya usalama, ile wanayojifunga mafundi wa umeme wanapopanda nguzo, na tarehe 1 Juni 1981 akapandishwa kuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuvuta kila mkanda kwa mikono miwili, kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa pete ya chuma ahakikishe kuna misururu miwili ya uzi, na ukiwa mzima anaushonea kitambaa kidogo chenye namba yake, kumi na nne. Ukiwa na kasoro, alifunga uzi mwekundu palepale penye kasoro, na uzi huo haukukatwa mpaka kasoro irekebishwe.

Watu walimpa vyeo vyote, watoto wake walimwita Hakimu, mabibi harusi waliomletea vitambaa awapimie ubora walimwita mthamini, sisi wadogo zake tulimwita mtahini kwa jinsi alivyotuhoji, lakini yeye alikubali jina moja tu, mkaguzi. Alisema hakimu hukaa akaletewa maneno ya watu, mkaguzi huenda mwenyewe akashika kwa mkono wake. Nawaomba mlishike neno hilo, tutalirudia.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu dereva wa lori, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza 1982, wa pili 1985, na kitinda mimba Agosti 1988. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Figo zilianza kumsumbua Machi 2021, na mwezi uliopita, alipoona hali inakuwa mbaya, akaniagiza niandike historia yake akiwa hai ili aikague, ndivyo alivyokuwa.

Nilimpelekea tarehe 28 Aprili. Niliandika kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kupitisha kosa, basi akaomba sindano, akatoboa karatasi kwenye sentensi hiyo, akafunga uzi mwekundu, huu hapa, mnauona.

Kikao cha familia cha jana kiliamua nisisome zaidi ya hapo. Kaka mkubwa, naona unavyoniangalia, nisamehe kaka yangu, nakuheshimu, lakini nilimwahidi yeye, na nitasoma.

Tarehe 17 Novemba 1988 lori lilikuwa linasubiri kupakia, ilibaki mikanda ishirini, shoga yake mshonaji akamwambia ameshaipitia yote mwenyewe, na dada akaishonea namba kumi na nne bila kuigusa. Tarehe 6 Machi 1989 mmoja ulifumuka kwenye pete, ulikuwa na msururu mmoja wa uzi, na fundi aliyeuvaa akaanguka, akavunjika nyonga. Ripoti ikasema alijifunga vibaya, akafukuzwa kazi, na mtaa mzima ukambatiza jina Fundo, nasi tumemwita hivyo mpaka leo, watoto wetu pia, tukicheka. Dada aliiona ile namba yake kwenye mkanda uliorudishwa, akanyamaza, ana mtoto mchanga nyumbani na anaogopa. Aliniambia, siku ile nilikuwa hakimu, nililetewa maneno nikayakubali. Nilimkasirikia, ndugu zangu, nikamwambia miaka thelathini na minne ni mingi mno, akasema anajua, na hakujitetea.

Tarehe 2 Mei alimwita fundi huyo kitandani kwake akamweleza yote. Fundi akasema hataki kitu kingine, isemwe tu mbele ya watu walewale waliomcheka. Leo yupo pale mlangoni, amesimama na fimbo yake, nami nasema kwa niaba ya marehemu, fundi alijifunga sawasawa, mkanda ndio uliokuwa mbovu, na aliyeupitisha ni dada yangu.

Dada yetu alifariki tarehe 12 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha figo mara tatu kwa wiki bila kununa, majirani waliotupikia na kutuazima viti, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja, akiwemo shoga yake, ambaye alikuwa wa kwanza kuniambia nisome.

Fundi, naomba uje mbele, mkasi ninao hapa, uzi huu ukate wewe. Dada, mkaguzi namba kumi na nne, kasoro imerekebishwa, sasa upumzike kwa amani.