Hatulii, Kuli Aliyejifunza Kusimama na Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka bingwa wa Olimpiki wa kunyanyua vyuma, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na mmoja. Mtaani walimwita Hatulii. Na kweli hakutulia. Akila, anazunguka na sahani. Ukimuuliza habari, anakujibu ameshafika mlangoni.

Kabla ya vyuma, Hatulii alikuwa kuli. Kuli wa ghala la saruji. Sheria ya pale ilikuwa moja: beba, fika, tupa, rudi. Ukisimama na mfuko begani, unachekwa. "Unauchumbia huo?" wenzako wanauliza. Miaka saba Hatulii alibeba na kutupa, akabeba na kutupa.

Mazoea yana taabu, wasikilizaji. Alipoacha ghala akaingia kwenye vyuma, tabia ile alikwenda nayo. Kwenye Olimpiki yake ya kwanza alipewa nafasi tatu za kuinua. Sheria ya huko ni nyingine. Ukishainua chuma juu ya kichwa, unasimama wima, hutikisiki, mpaka usikie mlio wa waamuzi. Ukishusha kabla ya mlio, umekosa. Hatulii aliinua mara tatu. Mara zote tatu akatupa kabla ya mlio. Nguvu anazo, subira hana. Akarudi mikono mitupu.

Aliyemfungulia mlango ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao afariki. Hatulii akakaa ukingoni mwa kiti, goti linacheza.

"Narudi ghalani, dada. Kule kutupa ndiyo kazi."

Dada hakubishana naye. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mwalimu wa mazoezi.

"Huko wanamtaka asimame muda gani?"

"Sekunde mbili, tatu, mama."

"Sekunde tatu ndizo zinalishinda jitu zima lile?"

Basi kila asubuhi Hatulii alisimama kwenye chumba cha kushonea, kati ya meza ya kukatia na kapu la viraka. Mfuko wa mchanga juu ya kichwa, mikono imenyooka. Dada anashona kifungo. "Usishushe mpaka niseme." Siku ya kwanza alitupa. Mfuko ukapasuka, mchanga ukaingia kwenye gauni la harusi la mteja. Dada akakung'uta gauni, akaushona mfuko, akamrudishia. Kifungo kimoja kikawa vinne. Vinne vikawa upindo mzima wa sketi.

"Dada, sketi hii ni ya tembo?"

"Ya tembo. Na ana dada zake wawili, wanasubiri zao."

Miaka minne ikapita. Olimpiki ya pili. Dada alikuwa nyumbani kando ya redio, kashika sindano isiyo na uzi. Nafasi ya kwanza, chuma kilimshinda kifuani. Ya pili aliinua, akatupa kabla ya mlio. "Amerudia yale yale," mtangazaji akasema. Dada akazima redio. Akazunguka meza. Akaiwasha tena.

Imebaki nafasi moja. Kilo mia moja na tisini. Chuma kikapanda. Mikono imekaza. Mlio ukalia. Hatulii kasimama. Ukumbi mzima unapiga kelele, mwalimu anapunga mikono: shusha, umeshashinda! Hatulii kasimama. Hatimaye akashusha. Dhahabu, wasikilizaji. Dhahabu ya Olimpiki.

Nyumbani alimwambia dada yake: "Mlio niliusikia. Nilikuwa nangoja wewe useme."

"Jinga kubwa," dada akamjibu. "Ungevunjika mgongo, nani angenibebea cherehani?"

Dada huyo sasa ana miaka themanini. Juzi alituambia hivi: "Msiseme alizaliwa na nguvu. Wenye nguvu mtaani wamejaa. Semeni alikubali kufundishwa upya, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wateja wangu."

Tumesema, mama, kama ulivyotuagiza. Pole kwako, pole kwa mjane, kwa watoto wanne na kwa wote aliowafundisha kunyanyua. Mungu awape moyo wa kustahimili. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kosa gani tumelizoea hata tukaliita tabia yetu, na ni nani tutakayemkubalia atusahihishe?