Kihamba Kilichochorwa kwa Kisu

Kijiwe chetu ni benchi la chuma mbele ya duka la mashine za kufulia, hapa ughaibuni, Falls Church, kando ya barabara ya Route 7. Ukishatia nguo kwenye mashine unatoka nje kupiga soga, maana ndani ni joto. Kahawa ni yangu, ina tangawizi, na anayesema ni kali akanunue ile yao ya maziwa ya mlozi. Wanaoimaliza kila Jumamosi ni wawili. Kimani, Mkenya wa Nyeri, tunamwita Beltway, jina la barabara kuu ya mzunguko ya hapa, kwa sababu anashinda humo akibeba abiria, na lazima akusimulie foleni. Kalisti, Mchaga wa Rombo, tunamwita Balozi. Zamani alikuwa dereva ubalozini. Kazi iliisha, sauti ikabaki. Jumamosi hiyo akaja Fredy amebeba turubai la kuchorea. Alipoligeuza tulione, kahawa ikanimwagikia mapajani.

Fredy, baba yake Makena, ni mtu wa kompyuta, lakini kuchora anajua. Miaka yote ni rangi za maji na brashi nyembamba. Akikuchorea mgomba unaweza kuhesabu majani. Sasa hapa alikuwa amechora kihamba cha Rombo, shamba la ukoo alikozaliwa mkewe Honorata, na mlima kwa nyuma. Rangi ilikuwa imebandikwa mabonge mabonge, nene kama uji ulioshika chini.

BELTWAY – Buda, nani amekuharibia hii picha?

FREDY – Nimechora mwenyewe. Ni rangi za mafuta, nimezichanganya na nta. Nimepaka kwa kisu.

BALOZI – Kisu gani?

Akakitoa mfukoni. Kidogo, butu, kama mwiko wa fundi mwashi.

BALOZI – Mungu wangu. Mtu ana digrii mbili, anaupiga mlima lipu.

BELTWAY – Hiyo ni stress. Huko kwa kompyuta wanafuta watu kazi. Nilibeba jamaa mmoja wa Manassas, siku ya kufutwa alianza kupaka gari lake siagi.

MIMI – Siagi ya nini?

BELTWAY – Sikumuuliza. Kulikuwa na jam.

BALOZI – Ninyi hamjatembea dunia. Picha nene zina siri. Enzi zangu ubalozini nilisikia watu walikuwa wanasafirisha dhahabu ndani ya nta, juu wanapaka milima, forodhani wanapita wanapiga mluzi.

BELTWAY – Kwa hivyo chini ya huu mlima kuna dhahabu?

Akainama kunusa. Akasema inanuka petroli, huenda Balozi yuko karibu na ukweli.

BALOZI – Mficha uchi hazai.

MIMI – Hiyo inaingiaje hapa?

BALOZI – Inaingia tu. Huyu anaficha kitu.

Tukacheka. Fredy hakucheka.

FREDY – Brashi ilinishinda. Brashi inadai kila kitu. Lazima uweke mlango, uweke dirisha, uweke bati na kutu yake. Kisu hakikuulizi.

Akatupatia simu tuone. Ilikuwa picha iliyotumwa na shemeji yake, Respicius, kaka wa Honorata. Migomba ipo, njia ipo, kilele cha Mawenzi kiko palepale nyuma. Katikati, ilipokuwa nyumba ya mama yao, udongo mwekundu na rundo la matofali mapya.

FREDY – Kaibomoa. Anajenga vyumba vya kupangisha. Ananiambia, shemeji, mweleze wewe taratibu.

Honorata hakumzika mama yake. Wakati huo makaratasi ya ukaazi yalikuwa hayajatoka, akaangalia mazishi kwenye simu. Mwaka huu amepata, na kila mtu hapa anaijua tiketi yake ya Desemba. Anachotaka ni kulala kwenye kitanda cha mama yake usiku mmoja.

BELTWAY – Manze.

Akamrudishia Fredy simu.

BALOZI – Kabomoa nyumba ya mama bila kumwambia dada? Hata sale hakumletea?

BELTWAY – Sale ni nini?

BALOZI – Jani. Kwetu tunalipanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu sana huendi na maneno, unampelekea sale. Akilipokea, kisasi basi.

Fredy akaonyesha katikati ya turubai, pale pasipo na nyumba. Palikuwa na michirizi mirefu ya kijani, minene, imesimama wima.

BELTWAY – Mimi nilidhani ni vitunguu.

FREDY – Nimemwekea. Nataka aone, aelewe mwenyewe. Mdomo umekataa.

Gari likaegeshwa. Honorata huyo, ametoka shifti ya kutunza wazee, bado amevaa sare, amefuata nguo zake. Akatusalimia, akaiona picha kabla Fredy hajaigeuza.

HONORATA – Baba Makena, hii umeichora wewe?

Akaweka kidole juu ya mlima, akatabasamu. Nilitamani angeishia pale.

HONORATA – Ndivyo ulivyo asubuhi, umejifunika hivihivi. Mbona hukuanza zamani kuchora namna hii? Naushika kabisa.

Kidole kikateremka kwenye migomba, kikafuata njia anayoijua, taratibu, mpaka kwenye kijani. Hapo kikasimama. Fredy amezoea rangi za maji, zinakauka ukigeuka. Hii ilikuwa bado mbichi. Honorata akainua kidole, akakitazama kilivyopakazwa.

HONORATA – Hapa ni kwa mama. Hili sale la nini?

Nikashika chupa nimmiminie kahawa. Ilikuwa imekwisha.

HONORATA – Nauliza. Nani ananiomba msamaha?

Beltway akamwangalia Balozi, Balozi akaniangalia mimi. Fredy alikuwa anakifuta kile kisu kwenye suruali, na kilikuwa safi tangu alipokuja.