Mwalimu Efrazia na Riwaya Iliyorudishwa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko shambani na mlioko jikoni, leo tunamkumbuka Mwalimu Efrazia Sheiza wa Soni. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Hakuandika kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kumtafutia kila kijana riwaya ya kumfaa.

Hakujua kutulia. Mumewe, Mzee Danieli, anasema, "Chai alikunywa amesimama. Ukimwambia akae, anakujibu kuna mtoto Vuga hajapata kitabu." Alipostaafu ualimu alizunguka na riwaya zake Soni, Vuga, mpaka Shume. Alizipenda za ujasiri, na za mtu anayetafuta mahali pa kupaita kwao.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kule Shume, alikutana na Mwanahamisi, binti wa miaka kumi na minne. Baba yake alitoka Lindi kuja kupasua mbao. Binti hakujua Kishambaa, wenzake wakamcheka. Wiki mbili alikuwa hajakanyaga shuleni.

Mwalimu Efrazia hakusita. Akampa riwaya aliyoisifia kila alikopita. Humo mtoto mgeni anadharauliwa, mto unafurika, anaokoa kijiji kizima, wanambeba mabegani.

Juma lililofuata binti akairudisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeipenda?"

"Hapana. Kwa hiyo mimi ningoje mafuriko ndipo wanipende? Nataka tu mtu wa kukaa naye dawati moja."

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalimchoma. Miaka yote aliwagawia watoto mashujaa, wala hakuwahi kuwauliza kwanza wanaogopa nini. Alirudi nyumbani akatoa vitabu vyote kabatini, akavitandaza sakafuni, akavipekua kimoja kimoja. Alichokitaka hakikuwemo. Kesho yake akateremka Mombo. Akaenda Korogwe. Akafika Tanga, kwa wauza vitabu vya mitumba. Siku tisa anahangaika, na siku zote hizo binti yuko nyumbani, shule hajarudi. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya kumi alipanda Shume na riwaya nyembamba, isiyo na jalada. Humo hakuna shujaa. Kuna msichana mgeni ambaye kila asubuhi anaingia darasani na kukaa, pamoja na woga wake. Basi. Mwishoni mwenzake mmoja anasogea, anampisha nafasi.

Alimkabidhi akasema, "Sijui kama itakufaa. Ile ya kwanza nilikuchagulia bila kukusikiliza. Nisamehe."

Mwanahamisi sasa ana duka la vitambaa Lushoto mjini. Alituambia hivi: "Mwalimu mzima ananiomba radhi mimi, mtoto wa mpasua mbao. Kitabu nilikisoma baadaye. Kilichonirudisha shule kesho yake ni lile neno. Nilikaa peke yangu mpaka Pasaka. Ndipo Eliza, tuliyesoma naye darasa moja, akahamia dawati langu."

Tangu hapo Mwalimu Efrazia hakumpa kijana riwaya kabla ya kumuuliza. Aliuliza, akanyamaza, akasikiliza. Kwa mtu asiyejua kutulia, hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko milima yetu. Na Jumanne ile alikuwa njiani tena kuelekea Vuga, moyo ukamsimama.

Kwa Mzee Danieli, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: kijana aliye nyumbani mwetu, mara ya mwisho tulimsikiliza lini, pasipo kumkatiza?

Mzee Danieli ana ombi. Mwalimu alikuwa amebeba riwaya tatu, na haijulikani alizichagua kwa ajili ya nani. Vijana watatu wa Vuga mliokuwa mkimsubiri, mlango wa Mzee Danieli uko wazi. Nendeni mkachukue vitabu vyenu.