Kurasa Zilizoshonwa

Gari langu lilikuwa gereji, kwa hiyo nilipanda treni nikiwa nimenuna. Mbele yangu alikaa mama mmoja fundi cherehani, pini zimejaa kwenye kola, akisoma kitabu cha upelelezi. Bwana mwenye kofia aliyekaa ubavuni mwake alikuwa akisoma naye bila kukaribishwa.

"Mpelelezi gani anaogopa paka?" bwana alisema. "Kazi yote anafanya yule mpwa wake mdogo. Aibu!"

"Ndiyo utamu wenyewe, kaka."

"Basi fungua mwisho tujue nani kaiba saa."

Mama akamwonyesha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi mwekundu. "Kazi ya binti yangu hiyo, yeye keshakimaliza. Hafumui mpaka nimtaje mwizi. Mwaka jana hakutaka hata kushika kitabu, sasa hiki ni cha tano, na jioni ananisubiri mlangoni."

"Wewe si fundi? Fumua, usome, ushone tena."

"Tazama mishono yake ilivyopinda. Mimi nikishona itanyooka, atanishika kabla sijavua viatu."

Bwana alivuta kofia usoni kama anayetaka kulala, nikashukuru. Haikudumu. "Ni mpishi," alisema.

"Mpishi alikuwa anaumwa!"

"Alijifanya!"

"Ni mtunza bustani, kaka. Tutabishana mpaka kesho."

Treni ikasimama, mama akashuka. Bwana akatoa kichwa dirishani: "Kesho panda behewa hili hili, uniambie!"

Nilimpigia simu fundi wa gari langu, nikamwambia asiharakishe.