Shikamoo Iliyopima Wagonjwa: Kwaheri, Tabibu Mansuri Idrissa

Tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Tabibu Mansuri Idrissa anastaafu. Anatuachia kiti chake, koti lake jeupe na foleni ya wagonjwa ambao hatimaye wamezoea kuulizwa wanaumwa nini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tabibu alikuja kituoni kwetu na kipimo kisichomo katika kitabu chochote cha udaktari: shikamoo. Mgonjwa akiamkia kwa sauti kubwa, vidonge. Kwa sauti ndogo, sindano. Asiyeweza kuamkia kabisa, rufaa ya hospitali ya wilaya. Mtu hajakaa vizuri, cheti cha dawa tayari. Akijaribu kujieleza, aliambiwa humu ndani daktari ni mmoja. Wapenda sindano walishausoma mchezo: foleni nzima walicheka na kubishania bei ya alizeti, ila wakifika mlangoni sauti zinakauka.

Kisha ikaja biashara huria. Mfanyabiashara mmoja akafungua zahanati kando ya barabara, na wagonjwa wetu wakaanza kwenda kulipa huko, kwa sababu tu huko waliulizwa. Tabibu alisema huo ni ushamba.

Mwaka jana akaja Mama Lea wa Ulemo, akichechemea, jambo ambalo kila mtu aliliona isipokuwa Tabibu. Mama huyu amemzidi umri, kwa hiyo safari hii shikamoo ilibidi aitoe Tabibu mwenyewe. Akajibiwa marahaba hafifu. Kipimo kilikuwa kimegeuka, lakini mkono uliozoea ukaandika penisilini. Mimi, muuguzi wake, nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano Mama Lea alipomshika Tabibu koti.

"Mwanangu, umeniamkia vizuri, ila hujaniuliza. Sindano hiyo iliwahi kuniangusha, nusura wanizike. Mimi nina mwiba kisiginoni."

Mtu uliyemwamkia sasa hivi humwambii anyamaze. Tabibu aliinama, akaushika mguu, mwiba ukatoka kwa kibanio.

Aliyekuwa amemshika mama yule mkono ni mwanawe, Hezekia, mwenye macho ya upole yaliyonifanya nisahau bomba nimeliweka wapi. Tumefunga ndoa wiki tatu zilizopita, na Mama Lea alicheza kuliko wasichana. Kila nikimtazama mume wangu akinywa chai asubuhi, nakumbuka kwamba nyumba hii ilikaribia kuwa na matanga, si harusi.

Tangu siku ile Tabibu anauliza. Anamuuliza hata mlinzi. Foleni imerefuka, lakini ni nadra mtu kurudi mara ya tatu na ugonjwa uleule, na wengi waliokimbilia zahanati ya barabarani wamerejea. Kujifunza swali moja kwa miaka ishirini na minane si haba. Wapo wakubwa waliostaafu bila kulifikia.

Sasa anakwenda kulima alizeti Issuna. Asante, Tabibu, hasa kwa kuinama siku ile. Uishi kwa afya na furaha. Na siku ukiumwa, njoo kwetu, uamkie kwa sauti yoyote upendayo. Tutakuuliza kwanza.