Daktari Sijui na Faili la Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo, maana leo sauti yangu haina nguvu. Tumempoteza Daktari Sijui. Amefariki Jumanne asubuhi akiwa na miaka sitini na minane. Alihudumu wodi ya magonjwa ya ndani ya hospitali kuu kwa miaka thelathini na mmoja. Wodi moja, miaka thelathini na mmoja.

Jina la Sijui alipewa na wauguzi. Asipoutambua ugonjwa, hakubahatisha. Aliandika kwenye faili, kwa herufi kubwa: SIJUI. Kisha akaanza kutafuta. Mimi mwenyewe aliwahi kunilaza siku kumi na moja. Nikamuuliza, "Daktari, naumwa nini?" Akajibu bila kupepesa macho, "Sijui, ndugu yangu. Lakini huendi popote, na mimi siendi popote." Nilitaka kuvaa viatu nikimbie! Siku ya tisa akaupata ugonjwa wangu, ndiyo maana mnanisikia.

Mafaili hayo aliyatunza kwenye kabati la chuma, na kila Jumatano aliwasomea madaktari vijana. Humo zilitoka tafiti nne kuhusu magonjwa adimu, yale ambayo daktari anaweza kustaafu bila kuyaona hata mara moja.

Sasa, wasikilizaji, nifike pagumu.

Miaka tisa iliyopita mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kukonda. Kufagia sebule tu kulimchosha. Ngozi ikawa nyeusi zaidi kwenye vifundo vya vidole na mikunjo ya viganja. Aliyekuwa akimuuguza ni binti yao wa pekee, fundi cherehani. Binti akamwambia baba yake, "Baba, mama analamba chumvi. Nimemkuta jikoni anaila kiganjani." Baba akamjibu, "Niachie mimi udaktari, mama. Wewe shona nguo zako."

Makohozi yalipimwa mara tatu. Hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua nayo haikuonyesha kitu. Faili la mkewe lilikuwa mbele yake, na safari hii hakuandika Sijui. Aliandika kifua kikuu, akamwanzishia dawa. Wiki ya tatu mama yule aliishiwa nguvu, presha ikashuka, na kabla ya saa sita mchana akafariki.

Kwa nini aliandika asichokijua? Muuguzi mkuu wa wodi, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alimuuliza uso kwa uso. Jibu lake lilikuwa hili: "Nilitaka awe na ugonjwa wenye dawa."

Daktari akasaini mwili wa mkewe upasuliwe, ijulikane kilichomuua. Binti alipiga kelele kwenye korido, watu wakatoka vyumbani: "Mama yangu si kitabu cha wanafunzi wako!" Baba alisaini hivyo hivyo. Ikaonekana tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zimesinyaa, hazifanyi kazi. Tezi hizo zikifa, mwili hupoteza chumvi, na mgonjwa huitamani. Zile dawa za kifua kikuu zilimmalizia hata homoni kidogo ya tezi hizo iliyokuwa imebaki mwilini. Na ugonjwa ule, wasikilizaji, nao ulikuwa na dawa. Vidonge vidogo vya kumeza kila siku. Nao ulikuwa na dawa.

Jumatano ya pili baada ya mazishi, alisimama kwenye kikao cha madaktari akafungua faili. "Mgonjwa, mwanamke, miaka hamsini na mitatu." Alisoma hadi mwisho, kosa lake akalitaja bila kujitetea. Kisha akaliandika kwenye jarida la kitabibu. Tangu hapo kila anayelazwa wodini huulizwa kuhusu chumvi. Muuguzi mkuu anasema kwa swali hilo wamegundulika wagonjwa sita wenye ugonjwa ule. Wote sita wako hai.

Lakini nyumbani kwake palikuwa pamepoa. Binti alihama, akapanga ng'ambo ya barabara. Alimshonea baba yake mashati, akayaacha kwa jirani. Baba aliyavaa. Wakikutana ni shikamoo, marahaba, basi. Miaka tisa.

Juzi, baada ya mazishi, muuguzi alimpa binti nakala ya jarida lile na kumwonyesha mstari mmoja. Umeandikwa hivi: "Binti wa mgonjwa alitoa taarifa sahihi siku ya kwanza. Daktari hakumsikiliza."

Nilimkuta Ijumaa, cherehani imenyamaza, karatasi ipo mapajani. Akaniambia, "Wamesoma madaktari nisiowajua, wa nchi nisizozijua. Wote wanajua nilisema kweli. Mimi miaka tisa najilaumu kwamba pengine sikusema kwa nguvu." Halafu akasema, "Baba alishindwa nini kuvuka barabara?"



Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti huyu, aliyebaki peke yake. Tunawapa pole wauguzi na madaktari wa wodi ile, na wagonjwa wale sita. Mungu amrehemu mzee wetu. Alikuwa mkweli, nami nilimpenda. Lakini leo nawaombeni jambo moja. Kama nyumbani kwako yupo uliyemnyamazisha, na baadaye ukajua alisema kweli, usiishie kuwaambia wengine. Mwambie yeye, angali anakusikia.