Kumuaga Bwana Kesho, Mkaguzi Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mradi, mgeni wetu wa heshima Mkaguzi Mkuu pamoja na Mama aliyeketi kando yako, ndugu wachangiaji mliofika, na ninyi mlio kwenye skrini hapo ukutani mkiwa mmezima kamera zenu, ndugu watumiaji wa programu yetu, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Nimepewa dakika chache za kumuaga mtu ambaye karibu sote humu tumewahi kumnung'unikia. Nawaomba radhi mapema kama sauti yangu haina shamrashamra. Mshereheshaji ameniomba nichangamshe ukumbi, nami nimemwambia nitajitahidi, lakini nimechoka, na nadhani tunayemuaga amechoka kunizidi.

Kwa wageni waalikwa ambao hawaijui kazi yetu: tunatengeneza programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona yale yaliyoandikwa kwenye skrini ya kompyuta. Ni programu huria. Haiuzwi, na mtu yeyote anaweza kuifungua, kuona ilivyoandikwa ndani, kuirekebisha na kututumia marekebisho yake. Kutuma hakujawahi kuwa shida. Watu wanatuma kila siku, tena kwa moyo mweupe. Shida ni kusoma. Marekebisho hayaingii mpaka watu wengine wayasome mstari kwa mstari, wayajaribu, waseme yako sawa, maana kosa dogo likipenya, kuna mtu mahali fulani atakaa mbele ya kompyuta iliyogeuka bubu. Na kazi ya kusoma, ndugu zangu, haina makofi. Nani kati yetu amewahi kurudi nyumbani akajisifu kwamba leo amesoma msimbo wa programu ulioandikwa na mwenzake?

Basi tukamwachia mzee huyu, Mkaguzi Mkuu wetu. Mchana ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Jioni na mwisho wa wiki alikuwa wetu. Ukimwandikia kumuuliza marekebisho yako yamefikia wapi, alikujibu kwa adabu kwamba ataangalia kesho. Ndipo tukamwita Bwana Kesho. Jina hilo analijua, Mama analijua, na nimeambiwa hata wajukuu wanalitumia babu akichelewa mezani.

Mdogo wangu wa kike haoni. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya bima, na kazi yake aliipenda kupita kiasi, mpaka nyumbani alikuwa akipokea simu zetu kwa sauti ya ofisini. Toleo letu jipya lilipotoka, programu ikaacha kusoma tarakimu kwenye kisanduku cha namba za simu. Jina la mteja analisikia, namba haisikii. Mwanzoni jirani wa meza alimsomea, baadaye jirani akaanza kuguna. Nikakaa chini, nikaliona kosa, nikaandika marekebisho ya mistari michache, nikatuma, nikasubiri. Wiki ikaisha, nyingine ikaingia. Wenzangu walipita, wakabandika alama ya dole gumba, wakaenda zao. Kila mmoja aliamini kwamba ameshasaidia, na kwamba kusoma kwenyewe atasoma mzee. Madole yakajaa, na marekebisho yakabaki palepale.

Jumamosi moja alasiri uvumilivu ukanishinda, nikamfuata kwake. Nilikwenda nimefura. Nilimkuta sebuleni, kompyuta ikiwa kwenye ncha ya meza ambayo Mama alikuwa akipigia pasi, mikono ya mashati ikimpitia juu ya kibodi naye hana habari. Nilianza kulalamika kabla sijakaribishwa vizuri. Hakujitetea. Alinivutia kiti, akaigeuza skrini upande wangu, akanionyesha foleni ya marekebisho yanayosubiri. Kulikuwa na mwalimu ambaye wanafunzi wake walishindwa kufungua mtihani wa majaribio. Kulikuwa na mwanasheria ambaye programu ilimrukia kurasa. Kulikuwa na baba mtu mzima aliyetaka kusoma mwenyewe ujumbe wa wanawe, asisomewe na jirani. Foleni ilishuka mpaka chini ya skrini, nikaisogeza, ikaendelea.

"Binti," akaniambia, "mdogo wako yuko hapa katikati. Nimtoe nani, nimweke yeye mbele?"

Niliipitia foleni tena, kutoka juu mpaka chini. Mama aliweka pasi kando akaniletea maji, nikanywa, nikaaga.

Marekebisho yangu yalisomwa zamu yake ilipofika. Na yalisomwa kweli, kwa sababu mzee alikuta kosa ambalo mimi na madole yote hatukuliona: namba inayoanza na sifuri ingesomwa bila sifuri yake. Lakini meneja alikuwa ameshamhamishia mdogo wangu kwenye chumba cha kufungasha bahasha, na kiti chake cha mapokezi kilikuwa kimepata mtu. Nilipompelekea habari kwamba sasa namba zinasomeka, alicheka kidogo. "Dada, ninyi mnafanya kazi ya bure," akasema. "Mtu atawalaumu vipi?" Iliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma, na mpaka leo inaniuma.

Mzee, waliotangulia wamekusifu kwa mengi. Mimi nakusifu kwa moja: hukuwahi kupitisha usichokisoma, hata tulipokusukuma, hata tulipokutukana kwa lugha nzuri yenye "tafadhali" mwanzoni na mwishoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti amesema mzee anastaafu leo. Naomba kumsahihisha, kwa heshima zote. Kwa utaratibu wetu hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe, hata Mkaguzi Mkuu. Ili aondoke, ilimbidi aandike marekebisho ya kufuta jina lake miongoni mwa wakaguzi, ayatume kama mtu yeyote, na wachangiaji wawili wayasome. Aliyatuma tangu mwezi jana. Ni mstari mmoja tu. Asubuhi ya leo, wakati ninyi mnapamba ukumbi, nimefungua foleni nikayakuta yamelala, na chini yake mmemwandikia pongezi, mmemtakia mapumziko mema, mmemwekea maua. Kusoma, hakuna aliyesoma. Kwa hiyo tunayemkatia keki hapa bado yuko kazini.

Mimi nimeyasoma. Nimeyajaribu, yako sawa, nimeyapitisha. Anahitajika mtu wa pili. Kompyuta yangu iko wazi pale mezani, pembeni ya keki, na mlio ukutani mnazo zenu. Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa, na makofi naomba msinipigie. Mmoja wenu asome, mzee aende nyumbani.